Unga Haujakabidhiwa

Si zamani sana, na wala si mbali, palikuwa na jamhuri iitwayo Neemani, ambayo serikali yake iliwapenda wananchi wake kupita kiasi. Iliwapenda hadi ikaunda Wizara ya Shibe, yenye waziri, manaibu, washauri wa manaibu, na jengo refu ambalo lifti yake ilikuwa inapanda tu. Mtu akilalamika kwamba ana njaa aliulizwa: una njaa vipi na Wizara ipo? Akarudi kwake na njaa yake.

Basi ukaingia ugonjwa wa kifua. Mtu alianza kwa kukohoa kikohozi kikavu, akamalizia kwa kutokohoa kabisa. Serikali haikulala. Ilitangaza kwamba ugonjwa ule ni wa kigeni na hauna kibali cha kuishi Neemani. Ugonjwa haukuwa na redio, haukusikia. Ukapigwa marufuku. Ulipokaidi hata marufuku, serikali ikafunga masoko, stendi, shule na mipaka, ikawaambia watu wakae ndani na wale vizuri ili miili yao ipate kinga. Kila asubuhi redio ilisoma vyakula vinavyofaa: samaki, mayai, matunda ya rangi mbalimbali, na asali kijiko kimoja kabla ya kulala. Watu wa kata ya Kichangani walikisikiliza kipindi hicho kwa makini, kama watu wasikilizavyo habari za nchi za mbali.

Sikudhani alikuwa mmoja wao. Yeye alikuwa akikaanga vitumbua stendi ya mabasi, na stendi ilipofungwa, vitumbua navyo vikafungwa. Mumewe, Athumani, alikuwa utingo wa lori la masafa. Siku ulipofungwa mpaka wa nchi, lori lilikuwa upande wa pili, na yeye akiwa juu yake. Alipiga simu kusema kwamba wamewekwa karantini ndani ya yadi, kwamba yu mzima, kwamba ambusie Tunu. Kisha simu ikazimika, na ikawa imezimika kila alipoipiga tena.

Tunu alikuwa binti yao, mtoto wa kunyonya, ndiyo kwanza anaanza kusimama kwa kushika stuli. Alikuwa na tabia ya kucheka kabla jambo la kuchekesha halijatokea, kana kwamba ameshaambiwa. Sikudhani aliweza kuvumilia mengi, na alikuwa ameshavumilia mengi, lakini maziwa yake hayakuwa na uvumilivu. Mama asipokula, maziwa hukauka. Hilo halihitaji wizara. Tunu alinyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena upande wa pili, akaachia.

"Huyo anataka uji, mwanangu," alisema Bi Kauthari, jirani yake wa ukuta mmoja, mwanamke mtu mzima aliyekuwa akifua nguo za watu kabla watu hawajaanza kuogopa nguo zao kuguswa. Bi Kauthari alikuwa na mdomo mkali na moyo mwepesi. Kila alipobandika chochote, alimimina kikombe kimoja akakipitisha mlangoni. "Unga wa lishe upo njiani. Nimesikia malori yamepita darajani."

Na kweli malori yalikuwa yamepita.

*

Shehena ilishushwa kwenye ghala la ofisi ya kata: magunia ya mahindi, maharage, na vifurushi vya unga wa lishe kwa watoto wadogo, kila kifurushi kikiwa na picha ya mtoto mnene anayecheka. Watu wakatoka majumbani na vikapu vyao, wakapanga foleni kwa umbali uleule ulioagizwa, wakajifunga vitambaa midomoni. Ungewaona ungesema ni watu wanaostahili kulishwa.

Bwana Mabruki, Mtendaji wa Kata, akatoka nje akiwa na suti na barakoa ya rangi za bendera. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu wasomaji wengine wana haraka ya kumchukia mtu. Alikuwa ni mtu aliyependa kila jambo liende kwa utaratibu wake, na katika nchi ile utaratibu ulikuwa mmoja: hakuna kitu cha serikali kinachoguswa kabla hakijakabidhiwa. Kisima kilichochimbwa Neemani hakikunyweka mpaka mgeni rasmi akate utepe. Daraja lilisubiri, watu wakavuka kwa chini, majini. Zahanati iliwahi kusimama miaka na dawa zake ndani, na wagonjwa nje, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa mgonjwa.

"Ndugu wananchi," alisema Bwana Mabruki, "chakula hiki ni chenu. Kimeletwa kwa upendo mkubwa. Lakini kwa sasa, kisheria, hakijawa chakula. Ni shehena. Kitakuwa chakula pale Mheshimiwa Waziri wa Shibe atakapokikabidhi kwa mkono wake."

"Na Mheshimiwa anakuja lini?" aliuliza Bi Kauthari.

"Mheshimiwa yupo tayari hata kesho. Tatizo ni kwamba makabidhiano ni mkusanyiko, na mikusanyiko imepigwa marufuku."

"Na nani?"

"Na Mheshimiwa."

Watu wakatazamana juu ya vitambaa vyao. Mtu mmoja akacheka, kisha akakumbuka kikapu chake, akanyamaza. Ghala likafungwa kwa kufuli, akawekwa mgambo wa kulilinda, na usiku panya wakaanza kula bila kumsubiri mgeni rasmi, maana panya wa Neemani hawakuwa na malezi.

*

Wakati kamati ya kushughulikia kuja kwa Waziri ikiendelea kukutana, kamati nyingine iliundwa ya kumtafuta Mpokeaji wa Mfano. Huyu ndiye angepokea kwa niaba ya wenzake mbele ya kamera. Sifa zilitajwa: awe maskini lakini msafi; awe amekonda lakini awe na nguvu za kusimama wakati wote wa hotuba; na ikiwezekana awe na mtoto mgongoni, kwa kuwa mtoto huonekana vizuri kwenye picha.

Kamati ilipita nyumba kwa nyumba ikiwatazama watu kwa mbali. Mzee mmoja alikataliwa kwa sababu umaskini wake ulikuwa umepita kiasi na ungeweza kuitia nchi aibu. Mama mwingine alikuwa na sura ya kulaumu. Walipofika kwa Sikudhani wakasimama. Alikuwa amekaa kizingitini, amevaa kanga iliyopauka lakini imenyooka, Tunu akiwa mapajani. Tunu akawatazama wajumbe, akacheka.

"Huyu," alisema mjumbe wa picha. "Huyu na huyu."

Sikudhani aliinuka kwa furaha. Alidhani, kama ambavyo ningedhani mimi, na wewe pia, kwamba aliyechaguliwa kupokea atapokea. Alimfunga Tunu mgongoni, akawafuata hadi uwanja wa ofisi ya kata, akapangiwa pa kusimama. Mgambo akatoa ghalani gunia dogo la mahindi na kifurushi cha unga wa lishe juu yake. Bwana Mabruki akasimama mahali pa Waziri, akatoa hotuba ya Waziri, kisha akamkabidhi. Mpiga picha akapiga.

"Mama, tabasamu halionekani. Vua barakoa. Hivyo. Mgeuze mtoto atazame huku."

Wakarudia. Walirudia tena kwa sababu Sikudhani alikuwa ameukumbatia unga kwa nguvu mno, na mpiga picha akasema mkono wa shukrani huwa umelegea. Alipolegeza mkono, picha ikakubalika. Mgambo akaja, akauchukua unga kifuani mwake, akaupeleka ghalani.

"Sichukui?" Sikudhani aliuliza.

"Hili ni zoezi, mama," Bwana Mabruki alimwambia kwa upole. "Siku yenyewe utachukua. Umefanya vizuri sana. Ila nikuombe kitu kimoja: jitahidi usinenepe kabla ya siku hiyo."

Sikudhani akaahidi kwamba atajitahidi.

*

Picha ilitoka nzuri kuliko watu wote walivyotarajia. Wizara iliiona, ikaipenda, ikaona si vyema kuiacha isubiri. Ikachapishwa kwenye bango kubwa, likasimikwa njia panda mbele ya kituo cha afya, palipokuwa na nafasi. Sikudhani alikuwa mkubwa kuliko nyumba, anatabasamu, gunia mikononi, unga wa lishe juu ya gunia, na Tunu anachungulia begani akicheka. Chini iliandikwa: KICHANGANI TUMESHIBA. ASANTE MHESHIMIWA.

Tangu siku hiyo, Sikudhani akawa ameshakula.

Muuza duka aliyekuwa akimpimia sukari ya kukopa alimtazama kama mtu aliyetapeliwa. "Shemeji, na wewe? Waachie wasiopewa." Watu waliokuwa wakimwamkia walianza kumwamkia kwa kejeli, "Shikamoo, mama wa bango." Na lililomuuma kuliko yote ni mlango wa Bi Kauthari. Kikombe kilikoma. Siku ya kwanza Sikudhani alidhani jirani yake hajapika. Siku iliyofuata alisikia mwiko ukigonga sufuria upande wa pili wa ukuta, akasikia harufu ya maharage, akangoja. Kikombe hakikuja. Bi Kauthari alikuwa akila na kulia kwa hasira, maana yeye alimgawia mtu kikombe katika dhiki, na mtu huyo amepata gunia zima, amelificha hata kwake.

Na Sikudhani kwa nini hakwenda kusema? Alikwenda. Alifika mlangoni, akapiga hodi, Bi Kauthari akamjibu bila kufungua, "Sina kitu, mwanangu. Kapike vyako." Baada ya neno hilo hakubisha tena. Kuna aibu ya kuomba, na kuna aibu ya kuomba ukiwa umeshawekwa barabarani umeshiba. Alirudi ndani, akampa Tunu maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo.

Tunu hakuwa anacheka tena. Alikuwa anatazama tu, macho yamekuwa makubwa, na ile stuli hakuishika tena. Sikudhani akampeleka kituo cha afya. Ilimbidi apite chini ya bango, akapita ameinamisha kichwa. Muuguzi alimtundika mtoto kwenye mizani, akaangalia mshale, akamwangalia mama, akaangalia nje dirishani.

"Si wewe huyo?"

"Ni mimi, dada, lakini..."

"Unga wa mtoto umepewa. Mtoto yuko hivi. Mmeuza?"

"Hatukupewa. Lilikuwa zoezi."

Muuguzi alikuwa amechoka. Alikuwa amezika wenzake wawili wa zamu yake, na amesikia maelezo ya kila namna. "Mama," alisema, "siwezi kukuandikia unga mwingine wakati serikali nzima inakuona umeupokea. Kampikie mwanao. Mwogope Mungu."

*

Akaenda kwa Bwana Mabruki. Hakupiga magoti kwa sababu magoti yalishapiga yenyewe. Akamfungua Tunu mgongoni, akamweka mbele yake juu ya kanga.

"Nipe kifurushi kimoja tu. Gunia sitaki. Unga wa huyu tu, baba yangu."

Bwana Mabruki alimtazama mtoto. Nilisema hakuwa mtu mbaya: alitoa leso akajifuta macho, na machozi yalikuwa ya kweli. Dirisha lake lilitazamana na ghala. Funguo zilikuwa kiunoni kwake.

"Mama Tunu," alisema, "unaniumiza. Lakini fikiri pamoja nami. Wewe kwenye picha umeshapokea. Siku ya makabidhiano utapokea. Nikikupa na leo, utakuwa umepokea mara tatu, na wenzako hata mara moja hawajapokea. Hiyo ni rushwa. Na mimi, tangu nizaliwe, sijawahi kula wala kulisha rushwa."

"Sijala, baba. Hata mara moja."

"Najua. Mimi najua." Akainama, sauti ikashuka. "Lakini kujua kwangu hakujakabidhiwa."

Akampa alichokuwa na mamlaka nacho: chupa ya dawa ya kunawia mikono, na barakoa mbili, moja ndogo.

*

Bi Kauthari ndiye aliyevunja ukimya, na aliuvunja kwa ugomvi. Alasiri moja alivamia bila hodi, kikombe mkononi, amekusudia kumwambia Sikudhani maneno yake yote ndipo amwombe unga kidogo, maana sasa hata kwake maharage yalikuwa yamekwisha. Alianza kusema tangu mlangoni. Kisha akaingia jikoni kulitafuta gunia lilipofichwa.

Hapakuwa na kitu. Mafiga yalikuwa baridi, majivu ya zamani. Kikaango cha vitumbua kilikuwa kimesuguliwa kikang'aa, na ndani ya sufuria mlikuwa na maji.

"Liko wapi?" aliuliza.

"Walilirudisha ghalani, Bi Kauthari. Picha ilipokwisha."

Bi Kauthari alikaa chini pale pale penye majivu, akajipiga paji la uso kwa kiganja. "Nami nakusikia ukutani. Nakusikia, mwanangu, mtoto analia, nasema na alie, mama yake mchoyo!" Akainuka mbio, akakimbia nyumba za watu kwa jina la Mungu, bila barakoa, bila kujali umbali, akapata ulezi kiganja kimoja hapa, sukari kidogo pale. Akarudi, akakoroga uji.

Tunu aliuonja. Ulimwagikia kidevuni. Sikudhani akamfuta, akajaribu tena kwa ncha ya kijiko, na tena, akimwimbia. Jua lilikuwa bado halijatua, watu walikuwa nje wanaanua nguo, Tunu alipoacha kumeza. Bi Kauthari ndiye aliyekichukua kijiko mkononi mwa Sikudhani. Sikudhani alikuwa bado anaimba.

Serikali, kwa kuwajali walio hai, ilikuwa imeagiza mazishi yawe na watu wachache na yaende haraka. Mgambo wa ghala alitumwa kuhakikisha hawasogeleani. Athumani hakujua, simu yake ilikuwa bado imezimika. Waliokuja kuzika walisimama mbali mno na wenzao, hata Sikudhani alipotaka bega la kulalia hakuona lililo karibu.

*

Baada ya mazishi hayo Wizara ilipata ufumbuzi. Ilitoa kibali maalumu kilichosema kwamba siku ya makabidhiano, kuanzia saa tatu asubuhi hadi Mheshimiwa atakapoondoka, ugonjwa hautaambukiza. Mahema yakasimamishwa, spika zikafungwa, kikundi cha ngoma kikaletwa kutoka mjini. Kichangani yote ikajaa uwanjani na vikapu vyake.

Kamati ilipokwenda kumchukua Mpokeaji wa Mfano, ikagundua upungufu.

"Bango lina mtoto," alisema mjumbe wa picha. "Mheshimiwa ameliona bango. Atauliza."

Wajumbe walijikuna vichwa. Watoto wa umri ule walikuwa wamebaki wachache, na wengi hawakuwa na sura ya kamera. Mwishowe Bwana Mabruki, huku akitazama chini, akamwita mkewe aje na mtoto wao wa mwisho. Lilikuwa jitoto nene, limeshiba, lina mashavu. Wakamfunika kanga kichwani ili mashavu yasionekane sana, wakamfunga mgongoni mwa Sikudhani.

"Siwezi," Sikudhani alisema.

"Jikaze, mama," alisema Bwana Mabruki, akimwomba hasa. "Watu wote hawa wanakungoja wewe. Ukikataa, Mheshimiwa ataondoka, na ghala halitafunguliwa."

Sikudhani aliutazama uwanja. Aliiona mikono yenye vikapu. Aliwaona kina mama waliobeba watoto wao wembamba. Akakaza fundo la kanga, akaenda kusimama mahali pake.

Hotuba ya Waziri ilikuwa ndefu na yenye afya. Ilianzia kwenye uhuru, ikapita kwenye mafanikio ya lifti, ikaelekea kwenye unga. Kabla haijafika, mtoto wa Mabruki akachoka mgongoni, akaanza kulia, Sikudhani akamzungusha mbele kumtuliza, kwa mazoea ya mikono tu. Mtoto akasukuma uso wake kifuani mwake, akatafuta, akaona titi kavu, akalia zaidi. Hapo machozi ya Sikudhani yakaanza kutoka, yakashindwa kukoma.

"Tazameni!" Waziri alisema kwenye kipaza sauti. "Machozi ya furaha!"

Uwanja ukapiga makofi, kwa sababu vikapu vilikuwa bado vitupu. Kamera zikasogea. Waziri akaweka gunia na unga wa lishe mikononi mwa Sikudhani, akainama kwa mtoto.

"Na huyu mrembo anaitwa nani?"

Mke wa Mabruki, kule kwenye hema, akajishika mdomo. Yule mtoto alikuwa wa kiume.

"Anaitwa Tunu," alisema Sikudhani.

"Tunu!" Waziri akamgeukia mpiga picha, akageukia uwanja, akageukia taifa zima lililokuwa likimtazama majumbani. "Ndugu wananchi, mbele yenu nyote natoa ahadi. Kuanzia leo, Tunu hatalala njaa tena!"

Ngoma zikapigwa. Ni Bi Kauthari peke yake aliyepiga ukelele, na ulidhaniwa kuwa vigelegele.

*

Ghala lilifunguliwa, watu wakapata walichopata. Mtoto alirudishwa kwa mama yake, na Bi Kauthari akamsaidia Sikudhani kubeba gunia hadi nyumbani.

Walipofika, Sikudhani hakukaa. Aliwasha moto. Alikichana kile kifurushi chenye picha ya mtoto anayecheka, akapima unga kidogo, akaukoroga na maji baridi kwanza usifanye madonge, akaumimina kwenye maji yanayochemka, akakoroga mpaka ukaiva. Ulikuwa uji mwepesi, usio na sukari nyingi. Akaumimina kwenye kikombe, akauhamishia kwenye kikombe kingine, akaurudisha, juu na chini, akiupuliza, kisha akachovya ncha ya kidole kupima kama utamuunguza mtoto.

"Mwanangu," alisema Bi Kauthari taratibu, "unampozea nani?"

Sikudhani hakugeuka. "Umeshakabidhiwa," alisema. "Sasa anaruhusiwa kunywa."

Aliendelea kuupoza, kikombe hadi kikombe, mpaka ukapoa kabisa.